Jina Litakuja la Kaka

Kukunja mashuka ya hospitali ni kazi ya watu wawili. Mmoja anashika pembe mbili huku, mwenzake anashika mbili kule, mnavuta, mnakung'uta mara moja, kisha mnasogeleana mpaka vidole vigusane. Mmoja anapokea, mwingine anainama kuokota mkunjo wa chini, na mnaanza tena. Miaka tisa nimekunja mashuka na mwanamke mmoja, na kwa hesabu ya kusogeleana tu, sidhani kama mume wangu amewahi kunikaribia mara nyingi kiasi hicho. Sisi wa chumba cha kufulia tunamwita Shangazi. Watoto wa kaka yake walikuwa wakija getini kumwulizia kwa jina hilo, nasi tukalidaka.

Asubuhi mashine kubwa zinapofunguliwa, mvuke unajaa chumba mpaka humwoni mwenzako. Unaona mikono yake tu imeshika nguo, inakujia kutoka kwenye weupe. Sisi wengine saa hiyo tunakohoa na kulaani. Shangazi alikuwa akiipenda. Ndani ya weupe ule ndimo alimokuwa akizungumzia mapazia.

"Kitambaa chepesi kikipata upepo wa dirishani," sauti yake ingesema, "hata chumba kibovu kinapata heshima."

"Heshima ya chumba ni kodi," mimi ningejibu.

Hakuwa akiota bure. Daktari alikuwa amemwambia kifua chake hakitaki mvuke mwaka mwingine, na yeye alikuwa amekiona chumba chake, pale kona, chenye mlango wa buluu na dirisha pana linalotazama barabara. Angeweka cherehani pale dirishani, ashone mapazia ya watu. Mwenye nyumba alikubali kumshikia mpaka mwisho wa mwezi. Hela ya kuanzia ilikuwa kwenye simu yake. Aliiweka kidogo kidogo miaka yote hiyo, asiiguse hata viatu vyake vilipofungua midomo kama vinataka kutusalimia.

Sasa hapa lazima nieleze habari ya majina, maana ndiyo iliyotufikisha tulikofika.

Kaka yake alikuwa mchora mabango ya maduka. Zamani, siku ya mwisho ya kusajili laini, ndugu hawa wawili walikwenda pamoja kwa wakala. Foleni ilikuwa ndefu na jua kali. Walipofika mezani wakampa wakala vitambulisho viwili na laini mbili kwa mkupuo, naye akaandika alivyoandika. Wiki ya pili Shangazi akatumiwa hela ya kwanza, na aliyemtumia akapiga simu amehamaki: jina lililokuja lilikuwa la mwanamume. Laini ya dada ilisajiliwa kwa jina la kaka, na ya kaka kwa jina la dada.

Mtu mwenye akili timamu angerudi kwa wakala. Wao walicheka mpaka machozi yakawatoka. Kurudi kulimaanisha foleni nyingine ya kutwa nzima, na kaka akasema, "Acha tu. Si damu moja?" Wakaacha. Tangu hapo ukitaka kumtumia Shangazi mchango wowote, anakuwahi: "Tuma tu, jina litakuja la kaka." Nasi tukatuma miaka nenda rudi, jina likaja la kaka, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujiuliza siku kaka akifa itakuwaje. Kaka mwenyewe hela zake hazikuwa za kwenye simu. Alilipwa mkononi, nusu, na ile nusu nyingine aliwasamehe wateja. Simu yake ilikuwa ya maneno tu. Ndiyo maana hata mkewe hakujua kitu. Namwita Wifi, kwa kuwa ndivyo nilivyomsikia akiitwa na Shangazi siku zote.

Homa ya siku tatu ilimchukua yule kaka. Msibani, ndugu wa Wifi walikaa mstari mmoja ukutani na kusema kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika lakini anataka usikie: "Mchoraji huyu kamwachia nini dada yetu, zaidi ya makopo ya rangi?" Wifi aliinamisha kichwa. Akakiinamisha na kesho yake, na wiki iliyofuata. Ukimwona barabarani ungedhani ameangusha sindano anaitafuta.

Wiki ya nne simu ya Shangazi ikazimika mtandao. Tulidhani ni mnara. Siku ya pili akaenda kwa wakala aliye mkabala na hospitali, akarudi na uso ambao sikuuelewa. Akashika pembe zake mbili, tukavuta.

"Ameniambia laini imefungwa kwa sababu mwenyewe amefariki," alisema.

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia mwenyewe ni mimi."

"Naye?"

"Akanipa pole."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Naye akacheka, lakini mikono yake ilibaki juu na shuka letu, kana kwamba amesahau sehemu inayofuata.

Jioni hiyo tulipotoka getini tukamkuta Wifi anatungoja. Nilimtambua kwa viatu, maana kichwa sikukizoea. Kilikuwa juu. Alimkumbatia Shangazi, akamshika mabega, macho yanang'aa.

"Wifi, kaka yako ametuziba midomo wote," alisema. "Nimekwenda kampuni ya simu na cheti cha kifo na kitambulisho chake. Nilisema nijaribu tu, pengine kuna hela ya chumvi. Binti wa kaunta akaingiza namba ya kitambulisho, akanitazama, akaniandikia kwenye karatasi. Wifi, alikuwa anatuwekea."

"Kiasi gani?" Shangazi aliuliza polepole.

Wifi akamnong'oneza sikioni. Shangazi alifumba macho. Baadaye aliniambia kiasi kilikuwa kilekile, mpaka senti ya mwisho, na kwamba kukisikia kwa mdomo wa mtu mwingine kulikuwa kama kusikia mtu anakusimulia ndoto uliyoota wewe.

"Nimewaambia na kaka zangu," Wifi aliendelea. "Wamekaa kimya. Yule mkubwa ameuliza kama kuna haja ya mtu wa kunisindikiza kuichukua. Nikamwambia nitasindikizwa na wifi yangu."

Hapo ndipo nilipotegemea kusikia ukweli. Nilikuwa nimesimama hatua moja tu kutoka kwao. Shangazi alifumbua macho, akamtazama Wifi usoni kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama kitambaa kabla ya kukikata.

"Kaka yangu alikuwa mtu wa siri," alisema.

Nilipaliwa na mate yangu mwenyewe.

Kesho yake nilivuta shuka kwa hasira nusura lipasuke. "Una wazimu? Karatasi zikipita, hela yako inakwenda kwa mke wa marehemu. Kisheria wewe hapo huna chako."

"Najua."

"Mwambie. Neno moja. Wifi yako si mtu mbaya."

"Si mbaya. Ndiyo maana." Mikono yake ilinijia kutoka kwenye mvuke, ikanikabidhi pembe. "Ulimwona alivyosimama jana? Mwezi mzima nimemwona ameinama. Nikimwambia, nitamwinamisha kwa mkono wangu mwenyewe. Na kaka zake watapata la kusema mpaka siku ya kiyama."

"Na chumba chako?"

"Chumba kitapata mpangaji."

"Na kifua chako?"

Alikohoa, kisha akachukua shuka lingine. Nilimkasirikia kweli kweli, na nilimwonea huruma, na sijui kipi kilizidi. Mkono mtupu haulambwi, nilimwambia, siku ukiugua utaona nani atakuja. Akasema mikono yake imelambwa na sabuni kiasi cha kutosha.

Siku zilizofuata alikuwa kama mtu anayetembea ndani ya maji. Hakuwa na simu, kwa hiyo hakuna aliyempata, na aliyempigia aliambiwa hapatikani. Mwanzo alisumbuka, baadaye akaanza kupenda ule ukimya. Mchana wa mapumziko alikuwa akikaa kwenye benchi nyuma ya jengo, mashuka yamening'inia kwenye kamba mbele yake, yanajaa upepo na kulegea, yanajaa na kulegea. Angekaa hapo ameduwaa mpaka kengele igonge.

"Unajua kufa si kubaya," aliniambia siku moja. "Nikipita njiani naona kama watu wananipisha."

"Wanakupisha kwa sababu unatembea katikati ya barabara."

Akatabasamu. Akaniambia usiku ameota yuko kwenye kile chumba cha kona, mapazia yote yameshatundikwa, na nje kaka yake amepanda ngazi anachora bango la duka. Yeye ndani anamwuliza anaandika nini. Kaka anamjibu: naandika jina lako, ila usishangae, litakuja la kwangu. Niliokota mkunjo wa chini.

Siku ya kwenda kuchukua hela ilikuwa tarehe ishirini na nane. Sikualikwa, nilijialika. Nilimwambia Shangazi kwamba kama yeye hana mdomo, mimi ninao, naye akaniapisha pale pale barabarani kwamba sitasema kitu. Niliapa. Naomba ieleweke kwamba niliapa kwa shingo upande.

Tulipita mtaa wa maduka, sisi watatu, Wifi katikati. Mtaa ule karibu mabango yote aliyachora yule marehemu. Vinyozi, vifaa vya umeme, matairi, dawa za kuulia wadudu: mkono ni mmoja, herufi zake zina mikia mirefu inayopinda chini kama inataka kukaa. Jua lilikuwa limezipiga rangi na kuzipausha, na tulitembea chini yake bila haraka wala maneno. Nilihisi kama mtu yule anatusomea njia nzima kwa sauti ya chini. Wifi alikuwa akitazama juu, bango hadi bango. "Wengi wa hawa hawakumlipa," alisema, "na bado aliniwekea." Shangazi alimshika mkono.

Ofisi ya kampuni ilikuwa na ubaridi wa mashine na viti vya chuma vilivyofungwa pamoja. Tulipewa namba, tukakaa, tukaitwa. Nyuma ya kioo alikuwa binti mmoja mwenye miwani, mpole, sauti yake kama ya mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Alipokea barua ya mirathi, cheti na kitambulisho cha marehemu, akazipanga, akagonga gonga kompyuta yake.

"Karatasi zimekamilika, mama," alimwambia Wifi. "Hela itaingia kwenye laini yako sasa hivi. Ila kuna swali moja la uhakiki, si langu, ni la mfumo. Nitajie namba moja ambayo marehemu alikuwa akiipigia mara kwa mara."

Wifi alitabasamu, tabasamu lake la kwanza tangu msiba. "Ni yangu. Hiyo hata hukupaswa kuniuliza." Akaitaja, tarakimu moja moja, kwa madaha.

Binti akagonga. Akasogeza miwani. Akagonga tena.

"Una nyingine?"

"Kwani hiyo ina nini?"

"Haimo kwenye zile za mara kwa mara, mama."

"Angalia vizuri, binti yangu. Alikuwa akinipigia kila siku. Saa nne kuniuliza kama nimekunywa chai, saa tisa kuniambia yuko ngazi ya ngapi."

Yule binti alishusha sauti zaidi, na nilimwona anatamani kioo kile kiwe kinene. "Kwa miezi mitatu naiona mara mbili tu. Zipo nyingine zilizopigiwa sana, lakini siruhusiwi kukutajia."

Nimeona wanawake wakipokea habari za kifo pale hospitali, maana mlango wa kufulia unatazamana na ule wa chumba cha maiti. Sijawahi kuona uso ukianguka kama wa Wifi. Siku ya msiba alilia. Safari hii hakulia. Alitazama mikono yake juu ya kaunta, akaikunja.

"Mara mbili," alisema. "Miezi mitatu, mara mbili." Kisha: "Kwa hiyo alikuwa na simu nyingine. Hii ya hela ilikuwa ya watu wengine." Na kichwa, kile kichwa, kikaanza kushuka.

Nilifungua mdomo. Kiapo au si kiapo, nilikuwa nimekwisha kukata shauri. Lakini Shangazi alitangulia.

"Wifi," alisema. "Hiyo laini ni yangu."

Wifi hakugeuka.

"Nisikilize. Hiyo laini ni yangu, na mara hizo mbili ni mimi nilikupigia. Moja nilikuuliza kama mtoto amepona, nyingine nilitaka ile sufuria yangu kubwa. Kumbuka." Akamweleza yote: wakala, foleni, vitambulisho viwili kwa mkupuo, damu moja. Alieleza taratibu, kifua kinamkatiza, huku binti wa miwani ameacha kugonga na mimi naitikia kwa kichwa kama shahidi wa ndoa. "Kaka yangu hakuwa na simu nyingine. Alikuwa na moja tu, na hiyo umeibeba wewe."

Ilikuwa kwenye mkoba wake kweli. Wifi aliambiwa na kampuni aje na simu ya marehemu, na ilikuwa imekwisha chaji tangu mazishi. Binti akapitisha waya chini ya kioo bila kuulizwa. Tukangoja. Sijui tulingoja kiasi gani. Watu waliitwa namba zao, wakaja, wakaondoka, na sisi tuliinamia kile kioo kidogo cheusi kama watu waliochungulia kisima. Kikawaka. Shangazi akafungua orodha ya simu zilizopigwa, akamsogezea Wifi.

Jina lilikuwa moja. Bosi. Saa tisa, Bosi. Saa nne, Bosi. Jana yake, Bosi, Bosi, Bosi, na Wifi akawa anateremsha kidole na jina haliishi.

"Bosi ni nani?" aliuliza binti.

"Ni mimi," alisema Wifi. "Mjinga yule." Sasa alilia, tena kwa kelele, na watu wa foleni wakageuka, nasi tukamwacha alie.

Alipomaliza alijifuta kwa kiganja, akamtazama Shangazi. Nilidhani atamwuliza kwa nini hakusema mapema. Jibu lake nilikuwa nimeliandaa, refu, lenye lawama kwa wote wawili. Hakuuliza. Nadhani alikwisha kulijua.

"Hii ya kwake ina kitu?" alimwuliza binti.

"Iko kwa jina la huyu mama, kwa hiyo afungue yeye. Kitambulisho unacho?" Shangazi akatoa chake. Binti akamwekea namba mpya ya siri, akamwonyesha pa kubonyeza. Salio likatokea. Sote wanne tuliliona, na hakuna aliyelitamka. Lilikuwa la nauli ya kwenda na kurudi, na mkate mmoja.

Binti alikohoa kidogo. Akarudi kwenye kompyuta yake, ambako ile hela nyingine ilikuwa bado inasubiri jibu la swali.

"Mama, mimi sikusikia kitu hapa," alimwambia Wifi. "Kwa karatasi, hizi ni zako. Namba anayopiga zaidi mwenye laini ya hela hizi, sasa unayo mkononi mwako. Ukinitajia, naziachia."

Nilimtazama Shangazi. Alikuwa anatazama sakafu, maana chumba ni chumba na kifua ni kifua, na siku zilibaki mbili. Wifi aliwasha tena ile simu, akasoma namba ya mumewe, ambayo dada mtu alikuwa akiipigia kuliko zote, kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu, bila kukosea. Simu yake mwenyewe ikalia ndani ya mkoba: hela imeingia. Hakuitazama hata ile hesabu. Alimpa Shangazi simu hiyo mkononi.

"Zitoe zako mwenyewe, macho yangu yamejaa maji," alisema. "Zote. Usiache hata ya chumvi."

Kisha akamgeukia binti, akaweka ile simu ya kaka juu ya kaunta, akanyoosha mgongo.

"Hizi za humu nitolee zote mkononi. Mimi nimekuja kuchukua hela ya mume wangu."